Samaki Wanne wa Shimo la Tatu

Mwaka ule mvua iliipita Voi ikaenda kunyesha kwingine, ila migomba ya Mwandawiro ilisimama kijani kama imepakwa mafuta. Ilikunywa maji machafu ya bafu la wafanyakazi wa reli na ya dobi wao. Mwandawiro, aliyekulia Bura kwenye mifereji, aliyapitisha katika mtaro wenye mashimo matatu: la kutulizia tope, la mchanga na makaa, na la mwisho lenye samaki wanne kutoka Ziwa Jipe. Pembeni alichimba shimo tupu la akiba. Mbao za kufungia maji alizipaka lami kila mwezi, zisioze.

Asubuhi hiyo Bwana Afya Musyimi alikuja kukagua. Alikuwa ameshasema: akiona kasoro moja, mtaro utafukiwa. Bila mtaro, migomba kwisha.

"Na mboga, unazinywesha maji haya?" Musyimi akauliza.

"Sipandi, bwana. Ndizi iko juu, na ina ganda lake."

Musyimi akageuka kuitazama migomba. Ndipo Mwandawiro alipowaona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Angenyamaza tu, mgeni angeondoka. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Akapiga magoti, akashindilia ubao wa kufungia maji yaendayo migombani, maji akayageuzia kwenye shimo la akiba.

"Kuna nini?"

"Maji yameharibika, bwana. Waulize hawa."

Akawachota samaki, akawatia kwenye karai la maji safi, kisha akaita ng'ambo ya ua, kwa dobi. "Kimeu! Leo umemwaga nini?"

"Soda ya kufulia, mzee. Mashuka yalikuwa meusi kama masufuria yako."

"Na soda tulisema uimwage wapi?"

Kimeu akajikuna kisogo. "Nimepitiwa."

"Kwetu Bura, anayechafua mfereji ndiye anayeusafisha. Njoo na koleo."

Kimeu akaja akinung'unika, suruali ameikunja magotini.

Musyimi alichuchumaa kando ya karai. "Wakifa?"

"Ubao haufunguliwi mpaka nipate wengine, na wao waishi."

Samaki mmoja akazama, akapunga mkia. Wa pili akamfuata. Mwandawiro akangoja hukumu, mikono ikimchuruzika maji.

"Mitaro yote niliyoifukia," Musyimi akasema, "mwenyewe alisimama mbele ya kasoro ili nisiione. Huu utabaki. Ila dobi mchimbie shimo lake."

"Atachimba mwenyewe," Mwandawiro akajibu, na Kimeu akaguna kutoka mtaroni.

Musyimi akanawa mikono, akaomba ndizi moja. Akaimenya polepole, akaigeuza huku na huku, akaila yote.