Kipa wa Mtinko na Uongo wa Mabenchi ya Chai

Kijiji kizima cha Mtinko kilikubaliana, bila hata mkutano, kwamba mgeni asiambiwe ukweli. Na mahali pa kumdanganyia palikuwa pamoja tu: kwenye mabenchi ya chai ya mama Winfrida, nyuma ya goli la upande wa chini wa uwanja.

Mgeni mwenyewe aliitwa Derick, kijana wa mjini, katumwa kutafuta kipa wa timu ya wasichana ya mkoa. Akimchagua Raheli, kipa wa Mtinko, leo, kesho binti yuko kambini, na Jumamosi Mtinko inacheza fainali na Ihanja, golini hamna mtu. Sasa nani akubali hayo?

"Shikamoo mama. Huyu kipa wenu vipi?"

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, unywe chai." Winfrida akammiminia, akashusha pumzi kama mfiwa. "Yule mtoto wa watu tunamwonea huruma tu. Mipira ya juu anaikimbia. Ya chini ndiyo usiseme."

"Kuku wa kwao tu wanamshinda," akadakia Simeoni wa bodaboda. "Juzi wamempita mlangoni wote, na jogoo nyuma."

Benchi zima likaangua kicheko. Winfrida alikuwa na raha zake: watu wamejaa, vikombe havitoshi, uongo unakwenda vizuri. Derick anasikiliza, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mara, kwenye mechi ya kirafiki iliyokuwa ikichezwa mbele yao, refa akawapa wapinzani penalti.

Mpigaji akaupiga chini, pembeni kabisa. Raheli akaufuata, akaupangua kwa ncha za vidole. Mpira ukamrudia yule yule mpigaji, naye akauelekeza upande wa pili, binti bado yuko chini. Winfrida alishahesabu goli. Lakini Raheli alinyanyuka kutoka vumbini kwa namna ambayo watu hawanyanyuki, akautoa kwa goti. Ukapaa. Upepo ukaudaka huko juu, ukauzungusha, ukawa unaurudisha golini nyuma ya kichwa chake. Akarudi kinyumenyume, mwamba hata hautazami, akanyoosha mkono mmoja na kuushusha kifuani taratibu, kama anayetua ndoo ya maji.

Simeoni kikombe kiko mdomoni, hanywi. Winfrida alimjua huyu mtoto tangu anadaka mpira wa makaratasi, na alidhani hakuna asichokijua kwake. Akajikuta amekalia gunia la mkaa.

"Mama," Derick alisema polepole. "Ya chini hawezi?"

Macho yote yakamgeukia Winfrida. Angeweza kusema kabahatisha. Maneno alikuwa nayo, hayajawahi kumkaukia. Lakini kukisema vibaya kitu kile alichokiona, ilikuwa kama kutema mate kanisani.

"Anaweza yote," alisema. "Mguu wa kushoto ndio hana, akipiga nao mpira hauvuki katikati ya uwanja. Na hasemi na mabeki wake, anacheza kama bubu. Hayo mkamfundishe. Mengine msiyaguse."

Derick akashukuru, akaenda kusimama pembeni ya uwanja kumsubiri Raheli.

"Umetuuza, shangazi," Simeoni alisema. "Jumamosi nani anadaka?"

"Tutafungwa." Winfrida alikuwa bado anatazama golini, chai inachemka mpaka inamwagikia motoni. "Lakini uliona, Simeoni?"

"Niliona," Simeoni akajibu kwa sauti ya chini. "Ule wa mwisho..." Akanyoosha mkono mmoja juu, akaushusha kifuani taratibu.