Tochi Si Taa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Chuo cha Ufundi Nang'unde mgeni alikuja, mwenyeji akavunjika mguu.

Mwenyeji ni Hajra, mpishi wa chuo, mzaliwa wa Marambo. Mgeni ni Mwalimu Gwakisa, makamu mkuu, aliyehamishiwa Nachingwea mwanzoni mwa mwaka 2004. Alfajiri moja ya Juni lori la chuo lilikuwa linampeleka kikaoni Ruangwa. Halikuwa na taa hata moja. Zilikufa tangu masika, na kila mtu alijua. Hajra alikuwa anakuja kuwasha moto wa uji, yuko juu ya baiskeli, tochi kaiuma menoni. Ndivyo wanavyofanya waendesha baiskeli wa huko. Dinamo ya kuwashia taa huifanya baiskeli iwe nzito mchangani, kwa hiyo watu huing'oa siku ileile ya kununua. Alipoliona lori, lilikuwa limeshafika. Hakupiga kelele. Mwenye tochi mdomoni hapigi kelele.

Alilala hospitali miezi mitatu. Akarudi anaburuza mguu, ana pengo la meno manne mbele, akakuta tangazo getini: marufuku kuingia na baiskeli bila kofia ngumu na taa iliyofungwa mbele. Kofia yenyewe ilikuwa moja tu, ya pikipiki, imetundikwa msumarini kwenye kibanda cha Selestini, mlinzi. Kila mfanyakazi aliivaa kutoka getini hadi jikoni, kisha ikarudishwa mwenzake aivae. Ilinuka jasho la watu kumi na mmoja.

"Vaa helmeti, dada Hajra," alisema Selestini.

"Nimekuja kwa miguu."

"Najua. Mkuu kasema wewe uvae hata kwa miguu." Akacheka, macho yakiwa chini. "Vaa bwana. Mwenzio naivaa hadi nikienda chooni."

Aliivaa juu ya ushungi. Haikuingia, ilikaa juu juu kama chungu kwenye mafiga mabovu.

Ofisini Gwakisa alimwonyesha kiti. Kipriani, dereva wa lori, alikuwa amesimama dirishani.

"Pole na kuumwa, mama. Nafasi yako ipo, Valentina anakushikia tu. Kesho paredi utawasomea wanafunzi haya."

Hajra alisoma polepole. *Mimi Hajra Mbaruku naomba radhi kwa kuendesha baiskeli bila taa wala kofia, nikasababisha ajali na kuharibu gari la chuo.*

"Nilikuwa na tochi, mwalimu."

"Tochi si taa. Kanuni inasema taa iliyofungwa."

"Kanuni ya lini?"

Gwakisa aliweka kidole kwenye tarehe. Mei. Mwezi wa Mei Hajra alipita getini kila siku, na ubao ulikuwa na orodha ya timu ya mpira, basi.

"Na lori lilikuwa na taa? Wewe ulikuwa umekaa mbele."

"Kipriani," Gwakisa aliita bila kugeuka, "lori lilikuwa na taa?"

Kipriani alitazama viatu vyake. "Zilikuwa zinawaka, mkuu." Halafu akanong'ona kwa Kimwera, lugha ambayo Gwakisa hakuijua: soma tu, dada, yaishe, mimi nina watoto.

"Na mimi ninao," alijibu Hajra kwa Kiswahili.

Alikuwa nao wawili. Mguu ule haukuweza tena kupalilia ufuta, wala kuinama siku nzima chini ya mikorosho kuokota. Jiko la chuo ndilo lililobaki.

Kesho yake wanafunzi mia mbili walipanga mistari. Wapishi walisimama nyuma na vijiko vyao vya mbao. Hajra, mbele yao na ile karatasi mkononi, alitafuta hasira moyoni asiione. Aliimaliza yote wodini. Alisikia jua kwenye shingo. Alisikia kuku wa mwalimu fulani wakiparua majani. Akaikunja karatasi mara mbili, akamrudishia Gwakisa.

Gwakisa akamsogelea, akashusha sauti, akitabasamu kwa ajili ya wanafunzi.

"Mama, usiwe mtoto. Jiko linakusubiri. Unajua jembe lina uzito gani kwa mguu kama huo?"

"Najua," alisema Hajra. "Siombi radhi."