Kimya cha Gichovi

Ukiona watu wa Manyatta wanakuambia uwe na subira, jua hawana kingine cha kukupa. Rwamba alikuwa ameambiwa neno hilo miaka mitatu mfululizo, na lilikuwa limemkwama kooni. Aliambiwa kanisani, aliambiwa sokoni, aliambiwa hata na mwenye mashine ya kusaga huku akimpimia unga pungufu. "Subira, Mama Wawira. Subira huvuta heri." Naye hujibu "Amina", kwa sababu mke wa mzee wa kanisa hawezi kumwambia mtu aende akasubiri yeye mwenyewe.

Kisa chenyewe kilikuwa mdomo wa mumewe. Gichovi alianguka shambani Jumanne moja asubuhi, katikati ya mikahawa, debe la buni likamwagika miguuni pake. Kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia, kikampinda uso, na kikaondoka na maneno yake yote. Hospitalini daktari mmoja kijana, mtu wa haraka zake, alimwambia Rwamba ashukuru Mungu mzee yu hai, ila kichwa chake kimerudi utotoni. Atakula, atalala, atatazama watu, lakini asitarajie mzee aelewe mambo. Rwamba akayabeba maneno hayo hadi nyumbani, maana nani angembishia mtu aliyesoma?

Na huyo Gichovi hakuwa mtu wa kunyamaza, la hasha! Kanisani alisoma matangazo bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma walisikia kuliko waliokaa mbele. Tena alikuwa na mazoea yaliyowachekesha wazee wenzake: alimwita mkewe kwa jina. Wanaume wa rika lake husema "mama watoto", au "Mama Wawira", au "wewe". Yeye alisimama mlangoni akaita, "Rwamba!" na jirani ng'ambo ya mto akajua kwa Gichovi chai imechelewa.

Rwamba alizoea kumkemea. "Hebu punguza, utadhani nimepotea." Sasa angetoa mbuzi wake wote kulisikia jina hilo likipita uani. Wazazi wake walikuwa wamekufa, dada zake wawili pia. Kanisani alikuwa Mama Wawira, kwa wajukuu alikuwa cucu, na kwenye kiwanda cha kahawa alikuwa namba. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa limebaki katika kinywa kimoja tu duniani. Alitamani kuitwa, basi. Hata mara moja.

Mwaka wa kwanza aliomba kwa nguvu. Alifunga kila Ijumaa, akawa anamkalisha mzee mbele yake na kumfundisha: sema maji, sema uji. Mdomo wa Gichovi ulipotikisika tu, Rwamba alikimbilia kummalizia. "Maji? Unataka maji? Ama ni baridi? Nikuletee sweta?" Mzee akafumba mdomo, akatazama pembeni. Mwaka wa pili walikuja akina mama wa kanisa wakiongozwa na Cicily, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi usio na breki. Waliimba, wakalia, wakanywa chai, wakaenda. Mwaka wa tatu Rwamba alichoka. Aliendelea kumwogesha, kumnyoa na kumlisha, lakini aliacha kuongea naye, akawa anaongea juu ya kichwa chake, kama watu wanavyoongea penye mtoto aliyelala.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo, simu ikaja kutoka Meru. Binti yao Wawira, anayefanya kazi ya ofisi huko mjini, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa pili. Sasa hapo ujue mambo ya kwetu. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya mume. Wa pili huitwa jina la baba ya mke. Kwa hiyo hapo Meru palikuwa na Gichovi mwingine, wa siku nne, ambaye, kwa maneno ya mama yake, alilia hadi wapangaji wote wakaamka.

"Huyo ni wetu kabisa!" Rwamba akacheka kwenye simu, kisha akakata na kulia kidogo jikoni.

Safari ya kumwona mtoto ikapangwa Jumamosi, na mke wa jirani angekuja kushinda na mzee. Akina mama sita, gari la kukodi na Oscar dereva wake, unga wa uji, maharagwe meusi ya njahi, ndizi, kuku wawili. Jumamosi asubuhi, wakati mizigo inapakiwa, Cicily akauliza, "Na gikwa je? Mama aliyezaa atakula nini cha kwa baba yake?"

Rwamba akashika kiuno. Gikwa, yaani kiazi kikuu, ndicho chakula cha heshima kwetu. Nacho ni mali ya mwanamume. Mwanamume hukipanda, hukitafutia mti wa kupandia, hukichimba mwenyewe. Mwanamke hupewa kikiwa kimeshaoshwa ili apike. Gichovi alikuwa na mistari miwili nyuma ya nyumba, kila mmea umejizungusha kwenye mti wake, na tangu aanguke hakuna aliyevigusa. Jirani yao Kiunga angesaidia, lakini alikuwa ameshuka mjini Runyenjes tangu alfajiri.

"Nitachimba mwenyewe," akasema Rwamba. "Ni udongo tu. Kuna uchawi gani?"

Akamsogeza mzee na kiti chake huko nyuma apate jua, kwa kuwa hakutaka kumwacha huko mbele kwenye kelele za mizigo na kuku. Akamfunika magoti. Kisha akachukua jembe na panga, akachagua mmea wenye shina nene kuliko yote, akaanza.

Alichimba kama anayechimba viazi vitamu. Udongo ulikuwa laini, na kitu kilichokaa chini miaka mitatu kilikuwa kimenenepa kikashinda paja la mtu. Alikitoa kizima kutoka shimoni huku akihema. Sasa, kwa mtu anayejua, gikwa hakichimbwi hivyo. Unakifukua ubavuni, unakata mwili wake kwa chini, na kichwa kinachoshikana na mmea unakiacha palepale na kukirudishia udongo, ili mwakani kizae tena. Mmea mmoja hulisha nyumba miaka na miaka. Rwamba alikuwa amepika gikwa miaka arobaini na hakuwahi kuona kikitoka shambani. Akashika mmea kwa mkono wa kushoto, akainua panga, akaukata shingoni. Chwa!

"Kichwa!"

Panga likamtoka mkononi.

"Kichwa! Umekata kichwa! Mjinga wewe!"

Ilikuwa sauti nzito, yenye kutu, ya Kiembu safi, na ilitoka kwenye kile kiti. Gichovi alikuwa ameinama mbele, jicho limemtoka, mkono wa kushoto ukielekeza shimoni. Alikuwa amekasirika kuliko mtu aliyeibiwa.

Akina mama wakaja mbio, leso zikiwadondoka. Cicily ndiye aliyefika kwanza. "Ni nani amesema? Ni yeye? Haleluya! Bwana asifiwe!" Vigelegele vikapigwa hadi kuku wakaruka. Wakamzunguka mzee, wakampigia makofi. "Sema tena, Baba! Sema asante Yesu! Sema Cicily!"

Gichovi akawatazama mmoja mmoja, akafumba mdomo.

Rwamba hakupiga kigelegele. Alikuwa amesimama na kile kipande cha mmea mkononi, furaha na hofu zinagombania kifua chake, na hofu ndiyo iliyoshinda. Mtu ambaye kichwa chake kimerudi utotoni hajui gikwa kinakatwa wapi. Huyu alikuwa anaangalia kila pigo la jembe, na alijua. Na kama alijua hili, alijua nini kingine?

Akawageukia wenzake. "Nendeni kwenye gari. Tafadhali."

"Lakini Mama Wawira, huu ni muujiza, tufanye maombi..."

"Cicily. Mwaka jana ulikaa kando ya huyu mzee na kikombe changu mkononi, ukasema afadhali Mungu angempumzisha. Nenda kwenye gari."

Cicily akamtazama Gichovi. Gichovi naye alikuwa anamtazama. Uso ukamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu apewe uenyekiti akaondoka bila kufunga kwa sala.

Rwamba akabaki na mumewe. Akapiga magoti hapo kwenye udongo mbele ya kiti. Cicily alikuwa ameteleza ulimi tu kwenye chai ya watu, na hilo lingesameheka. Lakini kulikuwa na lile lake mwenyewe. Jumapili moja ya mwezi uliopita, mvua ilipowazuia kwenda kanisani, alikuwa amepiga magoti hivihivi kando ya kiti hikihiki, akaweka mkono juu ya goti la Gichovi, akaomba kwa sauti, kwa lugha yao ya nyumbani: Bwana, nimechoka. Kama hutanirudishia mume wangu, basi mchukue, nami nipumzike.

"Ile siku ya mvua," akasema. "Ile siku nilipoomba. Ulinisikia?"

Gichovi akaitikia kwa kichwa, mara moja.

"Ulielewa?"

Akaitikia tena.

"Na haya mengine yote? Miaka hii yote?"

Gichovi alimwangalia tu, na macho yale hayakuwa ya mtoto wala ya mgeni. Yalikuwa ya Gichovi, na yalikuwepo siku zote. Ni Rwamba aliyeacha kuyatazama.

Ee Mungu wangu. Rwamba akajishika kichwa kwa mikono yenye udongo. Miaka mitatu alidhani anayengoja ni yeye. Alihurumiwa kanisani, akasimamishwa mbele aombewe, akaitwa mama wa subira. Kumbe mwenye kungoja alikuwa huyu, amefungiwa ndani pamoja na maneno yake yote, anamsikiliza mkewe akiomba afe, na kesho yake asubuhi anafungua mdomo kupokea uji kutoka mkono uleule. Hakuwahi kuukwepa, hata siku moja.

"Nisamehe," akasema Rwamba. "Baba Wawira, nisamehe. Niliambiwa hupo. Nikaamini upesi kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi."

Gichovi akainua mkono wake mzima. Ulichukua muda kufika. Ukagusa bega la mkewe, ukakaa hapo, mzito. Halafu mdomo wake uliopinda ukaanza kutikisika. Midomo ikajikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena. Mshipa ukamtoka shingoni.

"R..." akasema. "Rrr..."

Rwamba akahisi neno limeshampanda yeye mwenyewe hadi kwenye meno. Angeweza kummalizia. Ndivyo alivyofanya siku zote, akimjazia kila neno kabla halijafika, hadi mzee wa watu akachoka kujaribu. Akauma ulimi. Hili hangeweza kumsemea. Akilisema yeye litakuwa si kitu.

Gichovi akapumua, neno likampotea, akatikisa kichwa kwa hasira. Huko mbele ya nyumba Oscar akapiga honi. Meru ni mbali, na mtoto alikuwa anangoja kuonwa.

"Nendeni!" Rwamba akapaza sauti bila kugeuka. "Mwambieni Wawira nitakuja kesho kutwa, na baba yake!"

Honi ikalia tena, halafu mlango wa gari ukafungwa, halafu injini ikashuka mteremko hadi ikapotea. Rwamba akaacha kupiga magoti, akakaa chini kabisa kwenye udongo, miguu mbele, jinsi wanawake wanavyokaa wanapojua kazi ni ndefu. Akashika ule mkono uliokuwa begani kwake.

"Polepole," akamwambia. "Nipo."

Na Gichovi akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo.