Kuitika Wito wa Kwanza

Katika mwaka uliotangulia kupandishwa kwa bendera ya Wadachi Bagamoyo, mjukuu wangu Zeyana, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alihitimu juzuu ya Amma. Nilimwahidi tunzo. Akachagua kupelekwa kwenye genge la mawe lililo kusini ya Kaole, aitazame bahari kutoka juu jua linapotua.

Nilimlea mimi mwenyewe tangu wazazi wake walipofariki. Mkubwa akiita, alifunzwa kuitika "labeka" papo hapo, macho chini, na kumwendea. Sikuwa na desturi ya kumwita mtu mara mbili.

Karibu na genge tulimkuta Bi Mwanvita akipalilia mihogo yake. Baada ya kuamkiana alisema, "Mzee Azzan, huko juu magharibi ikiingia sisi hatuitiki tukiitwa, hata aite nani."

"Nyinyi hamuitiki hata mchana," nikamjibu. "Ndiyo maana watoto wenu hawana adabu."

Akacheka. "Wangu adabu hawana, lakini wapo wote."

Tukapanda. Jua lilikuwa nyuma yetu, upande wa bara, na kivuli cha genge kilitanda majini, vivuli vya vichwa vyetu viwili vikionekana juu yake. Mbele ya kivuli bahari ilikuwa rangi ya shaba, kisha ikawa rangi ya majivu. Zeyana alisimama akitazama, hatua chache kutoka ukingoni. Nami nikarudi nyuma hatua kadhaa nitandike mswala.

"Zeyana."

Wito ulitoka chini ya genge, kusikokuwa na kitu ila mawimbi. Sauti ilikuwa yangu, pamoja na kikohozi kidogo ninachokitanguliza ninapoamrisha.

"Labeka, babu," akaitika, akapiga hatua kuelekea ukingoni.

"Simama," nikasema.

"Njoo," ikasema ile ya kule chini, kwa ukali ule ule.

Akasita, macho yakiwa chini kama nilivyomfunza. Hakuinua uso kunitafuta. "Babu, nimfuate yupi?"

"Rudi huku."

"Njoo huku."

Akapiga hatua nyingine. Zilibaki mbili. Magoti yangu hayakuweza kumfikia kwa wakati, na kila amri niliyoitoa ilipata mwenzake kutoka chini. Ndipo nilipotambua kwamba sauti ile haikuwa na chochote ila amri, kwa kuwa mtoto yule hakuwa amepata kingine kutoka kwangu.

"Zeyana," nikasema, "mwanangu, nakuomba."

Maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Aliinua macho, akaniona, akanijia mbio. Chini kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Tulipita shambani kwa Bi Mwanvita bila kumtazama usoni, nikiushika mkono wa mtoto kwa nguvu kupita kiasi. Nyumbani nilikomea mlango kwa mikono yangu. Zeyana alitandika mkeka, akaleta chakula na maji ya kunawa, akaketi mbele yangu. Nilikuwa sijatia mkono chakulani niliposikia, nje ya mlango, kikohozi kidogo.

"Zeyana," ikasema sauti yangu, kwa upole, "mwanangu, nakuomba."

Mtoto hakuitika. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho, akingoja nimwambie la kufanya. Nami sikuthubutu kufungua kinywa.