Kifaransa cha Xaveria

Xaveria alikuwa amefumba macho, na daktari akadhani amelala. Akaniita dirishani, akaanza kunieleza kwa Kifaransa. Alikuwa mzee mpole, na bila shaka alijitahidi kusema polepole kwa ajili yangu, lakini maneno yalinipita kama mabasi ya usiku yasiyo na abiria wa kushusha. Nilidaka moja huku, moja kule. Damu. Mashine. Hapana. Mara mbili tatu nilisikia neno nililolijua vizuri, nikashangaa: malkia. Malkia gani tena, katika hospitali ya Bujumbura? Sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, kama nilivyozoea darasani. Alipomaliza aliniwekea mkono begani, akanitazama kama mtu anayeomba radhi, akatoka.

Mwalimu Gerson hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa masista waliotupokea, kuleta blanketi na uji. Chumbani tulibaki mimi na Xaveria, na mlio wa mvua juu ya bati.

Tulikuwa kidato cha tatu wakati ule, na Mkoa wa Manyara ulikuwa bado unanuka rangi mbichi. Babati, ambayo jana yake tu ilikuwa mahali pa mabasi kusimama abiria wakachimbe dawa, iliambiwa sasa ni makao makuu. Maofisa walihamia, wafanyabiashara wakafungua maduka, baba yangu akiwa mmoja wao, ametoka Rombo na mabati na misumari yake. Kila mtu alikuwa na jambo jipya la kuupa mkoa. Mwalimu Gerson, aliyetokea Bukoba, alikuja na Kifaransa. Alisimama mbele yetu na chaki mkononi akasema mkoa mpya utahitaji watu wa kuzungumza na dunia. Darasa zima tulicheka. Xaveria hakucheka. Alikuwa tayari ameshanakili kilichoandikwa ubaoni.

Kwao ni Singe, ambako mama yake, Mama Emerensiana, alilima mahindi na mbaazi peke yake tangu alipofiwa na mume. Nyumbani walisema Kigorowa. Kiswahili cha mama yule kilikuwa cha kanisani na sokoni, kizito, cha kuchagua. Xaveria alikuwa amekipokea Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza kidato cha kwanza, na Kifaransa kilipokuja alikiingia kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani, anajua kitanda kiko wapi. Nilikuwa naye siku moja shambani kwao tunapalilia, akawa anavinyambua vitenzi kwa kila pigo la jembe. Mama yake alisimama akamtazama, akaniuliza, "Ritha, huyu anasali?"

Nikamwambia ni Kifaransa.

"Ni kizuri," akasema. "Kama maji yanashuka."

Asubuhi nyingi mwaka ule Xaveria alikuja shuleni macho yamevimba. Mama yake alisema ni kusoma na koroboi. Sisi tulisema ni usingizi. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo.

Halafu shule moja ya masista huko Burundi ikatualika, wanafunzi wachache wa Mwalimu Gerson, tukae nao likizo ya Juni tujifunze lugha kwa wenyewe wanaoizungumza. Tulipita Singida, Nzega na Kahama, tukalala njiani, tukavuka mpaka tumefunikwa vumbi hadi kope. Kwa siku za kwanza Xaveria ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Tukitaka maji, Xaveria. Tukipotea njia, Xaveria. Mwalimu mwenyewe, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kitabuni na kiliguna kila kilipokutana na mtu halisi, alianza kumgeukia kwa jicho: amesemaje huyu? Sista mmoja alimuuliza kama alizaliwa mji ule. Sijapata kumwona binadamu akifurahi vile. Usiku, vitanda vyetu vikiwa vimekaribiana, aliniambia, "Ritha, nimeota kwa Kifaransa. Mama alikuwepo, na yeye alikuwa anakisema."

Kisha asubuhi moja viatu vyake vilikataa kuingia. Akatapika uji, akatapika maji, na jioni tukawa pale hospitali.

"Umeelewa?" aliniuliza sasa, macho bado yamefumbwa.

Nilishtuka. "Kidogo. Kuna habari za malkia."

Alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza. "Si malkia. Ni figo. Kwa Kifaransa maneno yanafanana, ila la figo unalipitisha puani."

"Figo zimefanya nini?"

Akafungua macho. Uso wake ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa madogo, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kusimama darasani. Akanitafsiria sentensi kwa sentensi, kwa mpangilio, kama Mwalimu alivyotaka siku zote, bila kuruka neno.

"Figo zangu zimekufa. Zote mbili. Zilianza zamani, si hapa. Kuna mashine ya kusafisha damu, lakini hawana. Anadhani hata kwetu haipo karibu. Anasema nipelekwe nyumbani nikiwa bado naweza kukaa kwenye basi, nisije nikafia ugenini."

"Amesema hivyo? Ugenini?"

"Amesema 'mbali na watu wake'. Kwa Kiswahili inakuwa ugenini."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na kitu pekee nilichokijua kuhusu figo ni za mbuzi. Nilimshika mguu uliokuwa nje ya shuka, vidole vikaacha mashimo, nikauondoa mkono.

Mwalimu Gerson aliporudi na blanketi, Xaveria alimwambia yeye mwenyewe. Mwalimu akaketi pembeni ya kitanda na chupa ya uji mapajani. Alimtafuta daktari, wakaongea ukumbini kwa muda mrefu, akarudi uso umemsawajika. Xaveria akamwambia, "Mwalimu, naomba kitu kimoja. Mama yangu nitamwambia mimi. Asiambiwe na mtu mwingine. Ritha, na wewe."

Mwalimu akasema sawa, haraka sana. Nilimwona bega likishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sikumlaumu. Langu pia lilishuka.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Xaveria alikaa dirishani, kichwa begani kwangu, na kila nilipodhani amelala alikuwa anatazama nje. Baada ya Singida aliniambia alikuwa anajaribu kupanga maneno. "Kwa Kigorowa siwezi," alisema. "Nikianza tu, namwona mama anaanguka. Kwa Kiswahili nalia mimi." Mlima Kwaraa ulipoanza kuonekana akajifunika khanga uso mzima.

Masista walikuwa wamepiga simu parokiani kusema tunarudi mapema, mmoja wetu ana homa. Habari ilifika Singe ikiwa imepoteza homa njiani na kubakiwa na kurudi. Kwa hiyo tulipomfikisha kwao tulikuta uwanja umefagiwa, viti vimeazimwa, wanawake wamevaa vitenge vya Jumapili. Mtoto wa Emerensiana alikuwa amevuka mpaka. Walimpokea kwa nyimbo, na walipouona uso wake, mwanamke mmoja akasema, "Tazama, amenenepa! Huko wanakula!" Wengine wakaitikia kwa vigelegele.

Mama yake hakusema amenenepa. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akambonyeza taratibu kwa dole gumba chini ya jicho, akaliangalia shimo lile mpaka lilipojaa. Halafu akamkalisha kwenye kiti chenye mto.

Tulikula. Yaani wengine walikula. Mzee Aniceti, katekista, mtu wa maneno mengi na moyo mwema, akasimama akanyanyua mkono. "Sasa," akasema, "hatukumtuma mtoto ng'ambo aje anyamaze. Tunaomba Kifaransa! Tusikie!"

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Mwalimu Gerson. Alikuwa anasoma maandishi ya chupa yake ya soda. Xaveria akasema hapana kwa kichwa. Wakazidi kupiga makofi. Kisha nikamwona anabadilika. Sijui niseme vipi. Kama mtu aliyekuwa anatafuta mlango chumba kizima, akaona uko nyuma yake. Akamwomba mama yake asogeze kigoda akae mbele yake. Mama akasogea. Xaveria akamshika mikono yote miwili, akamtazama yeye peke yake, akaanza.

Alisema kwa muda mrefu. Hakukosea hata mara moja, nadhani. Sikuwa na uwezo wa kujua. Kifaransa chake kilishuka kama maji yale yale, na uwanja mzima ukatulia kukisikiliza kama wimbo. Mimi nilidaka vipande. Nilisikia figo, na safari hii nililijua. Nilisikia si kosa lako. Nilisikia jina la baba yake. Na nilisikia wakati ujao ambao Mwalimu Gerson alitufundisha muhula ule, unaotengenezwa kwa kitenzi cha kwenda: ninakwenda kula, ninakwenda kulala. "Maman," alisema Xaveria, "je vais..." akaongeza kitenzi ambacho hatukuwahi kukitungia sentensi darasani, ingawa kilikuwa kwenye orodha.

Mama, ninakwenda kufa.

Akaishia hapo. Uwanja ukalipuka. Makofi, vigelegele, mtu akapiga debe. "Hiyo ndiyo Ulaya yenyewe!" alipiga kelele Mzee Aniceti, machozi ya furaha yakimtoka. "Mmesikia? Mtoto wa Singe!"

Mama Emerensiana hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa bado mikononi mwa bintiye. Alinitazama mimi, na nikainamisha kichwa. Alimtazama Mwalimu Gerson, ambaye alikuwa amerudi kwenye maandishi ya chupa yake. Mtu akauliza, "Amesemaje? Tafsirini!"

Ndipo mama yule akasimama. Akawageukia watu, mrefu na mnyoofu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua, "Anashukuru. Anasema mmempokea vizuri. Anasema sasa amechoka, anaomba alale."

Wakapiga makofi tena. Akamwinua bintiye, akaingia naye ndani, akafunga mlango.

Kesho yake walimpeleka hospitali, na huko maneno yale yale yalisemwa kwa Kiswahili, na daktari, Mwalimu aliniambia baadaye, akashangaa kwamba mama hakupiga ukunga. Waliandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Wakati inashughulikiwa nilikwenda Singe kila jioni. Xaveria alitaka tuendelee na masomo. Alinirekebishia matamshi yangu mabovu mpaka pumzi ilipokuwa fupi kuliko sentensi. Siku moja alianza kunisahihisha neno, hakulimaliza. Alizikwa pembeni ya baba yake, mahindi yakiwa yamekauka shambani na hakuna aliyeyavuna.

Mwaka uliofuata Mwalimu Gerson aliomba uhamisho, na Kifaransa kikaondoka naye. Hakuna aliyekuja kukifundisha tena. Mimi nilifeli mtihani wa kidato cha nne, nikaingia dukani kwa baba kuuza misumari, na nipo hapo hadi leo.

Nilikuwa dukani mchana mmoja, msimu wa mbaazi, alipoingia Mama Emerensiana. Sikuwa nimemwona kwa miezi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye gunia la chokaa bila kuulizwa. Alikuwa amepungua sana. Alisubiri wateja watoke.

"Ritha," akasema, "siku ile aliniambia."

"Ndiyo, mama."

"Maana naijua. Usinipe maana. Nataka yale yenyewe. Aliyasemaje? Niseme nikiwa shambani."

Nilielewa alichotaka, na nikaona aibu ya mtu aliyeombwa maji na mtungi ni mtupu. Nilisimama nyuma ya kaunta nikayatafuta. Niliiona midomo ya Xaveria, niliuona uwanja, lakini sauti ilikuwa imeondoka. "Maman," nikaanza, "je vais..."

Alisogea mbele. "Eeh. Endelea."

Nilijaribu tena. Kitenzi cha mwisho nilikuwa nacho. Hicho sikuweza kukitoa mdomoni nikimtazama usoni. Mengine yote, yale marefu, yale mazuri, sikuwa nayo kabisa.

"Nimeishia hapo, mama."

Alingoja kidogo zaidi, kama huenda mengine yalikuwa yanakuja nyuma. Nje lori la mahindi lilikuwa linarudi kinyumenyume, watu wakiliongoza kwa kelele. Alipoona hakuna kinachokuja, akaomba nirudie hayo hayo mawili matatu, nikayarudia. Akayajaribu. Hayakutoka sawa. Akayajaribu tena, kwa sauti ya chini, midomo ikiyabana kama mtu anayeonja kitu kigeni.

"Na hiyo peke yake," akauliza, "ni kusema nini?"

"Mama, ninakwenda."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka.