Sema Jina Lako

Ko. Ko. Ko. Gizani, kisigino cha Polycarpe kilikuwa kinagonga mbao za kitanda. Mignonne alilala macho wazi, akisikiliza. Mwingine angelalamika. Yeye alishukuru, maana kisigino kinachogonga ni mume ambaye bado yuko nyumbani.

Ulikuwa usiku wa sita tangu Polycarpe arudi, na ni Mignonne mwenyewe aliyemwita. Miaka miwili Polycarpe alikaa Dar es Salaam akiziba matairi ya malori yanayoshusha shaba bandarini. Huko ndiko unga wa heroini ulikomkamata, na huko huko methadoni ikamwachisha unga: kikombe kimoja kila asubuhi, mbele ya nesi. Nesi alimwonya asiiache ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi. Lakini Mignonne alipiga simu: mtoto hakujui, rudi. Akadandia lori, akafika Kolwezi, ambako dawa hiyo hakuna. Kwenye kituo cha afya walimwambia Mignonne hata kuiona hawajawahi.

Ilianza na miayo, mmoja ukifukuza mwingine, na machozi bila kilio. Kisha ngozi ikawa ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo likafunguka, mifupa ikauma kana kwamba mtu anatwanga ndani yake. Majirani waliambiwa ni malaria. Mama Angèle wa nyumba ya pili alileta majani, akauliza ni malaria gani hii isiyotaka blanketi wala kukosa blanketi.

Kila asubuhi Mignonne alipekua kwanza: mifuko, viatu, chini ya godoro. Vidonge vya tramadoli, wanavyomeza wachimbaji wasisikie uchovu na vinavyotuliza hata kiu ya unga, havikuwa mbali. Akiisha kupekua, alimpa mumewe maji ya sukari katika kikombe cha bati na kumwigiza nesi. Kule Dar, ukimeza, lazima utamke jina lako, ijulikane hukuficha kitu mdomoni. Naomie, mwenye miaka minne, aliupenda mchezo huo kuliko yote. Baba, au Tata kama alivyomwita, akitamka "Polycarpe", yeye hupiga makofi.

Jana jioni Lucien, mchimbaji, rafiki wa zamani, alikuwa amepita kusalimia.

"Ndugu, umekauka sawa makala ya Mutshatsha," alimtania, akimfananisha na mkaa, akamshika mkono muda mrefu. Hakukaa.

Karibu na alfajiri kisigino kikanyamaza. Mignonne alipiga magoti pale pale gizani, akamshukuru Mungu.

Kulipokucha Polycarpe alikuwa ameketi, uso mkavu. Mignonne akapekua, hakuona kitu, akaona aibu kwa kupekua. Akampa kikombe. Polycarpe akanywa taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Sema jina lako, Tata Naomie."

Akatabasamu, midomo imefungwa. Akaonyesha koo, kama mtu aliyepotewa na sauti.

"Ni jina tu," Mignonne alisema polepole. "Sema, mi nisikie."

Polycarpe aliangalia mlango. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Naomie alikuwa amekwisha kupanda magotini pake, viganja tayari kwa makofi. Alingoja. Halafu akaweka kidole kwenye shavu la baba yake, akabonyeza, na ndani kukasikika mchakacho wa kifuko cha plastiki.

Mignonne alikuwa bado ameshika kikombe. Mtoto akamgeukia.

"Mama, Tata iko na kitu mu kinywa."