Ekzosi ya Bati la Kiwandani

Saa tatu asubuhi fundi alikuwa amepiga magoti juu ya bati, chaki mkononi, akichora tao la koni ya mwisho. Bati lilikuwa na unene wa milimita moja. Upande mmoja lilikuwa na rangi ya kijivu, upande wa pili limebabuka, na pembeni lilikuwa na matundu manne ya skrubu. Muuza vyuma chakavu alimwambia limetoka kiwandani na halina kutu. Fundi alijali hilo la kutu tu.

Ekzosi ilikuwa ya pikipiki ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyesambaza mikate siku za kazi na kushindana Jumamosi kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Pikipiki ilikuwa ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya petroli na oili, na kila mara ilimaliza ya tano.

"Injini hii ikitoa moshi, petroli mbichi nayo inatoroka," fundi alimweleza. "Lakini moshi ukitoka unapiga kishindo. Kishindo kikikuta bomba linapanuka halafu linabana, kinageuka na kurudi. Kikiwahi, kinairudisha petroli ndani ya silinda."

"Na kikichelewa?"

"Utakuwa na bomba zuri la kuangalia, shemeji."

Alipiga hesabu kwa siku mbili. Kwa mizunguko elfu tisa na ushee kwa dakika, kutoka kwenye pistoni hadi mwisho wa koni ya kubana ilitakiwa sentimita themanini na sita. Alikata, akakunja vipande juu ya kipande cha bomba, akachomelea kwa gesi: koni mbili za kupanuka, tumbo la duara, koni ya kubana, na mkia mwembamba kama kidole gumba. Kipande chenye matundu kilibaki, akakitupa pembeni.

Jumatano wakaiwasha. Chini ya elfu tisa ilikoroma kama pikipiki yoyote. Ilipofika elfu tisa na mia mbili, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mkia ikisema, "Umefungwa kwa nje." Sauti nyingine ikasema, "Msisukumane, jamani."

Fundi akazima. Alidhani kuna mahali panavuja. Akaziba mkia, akapuliza hewa kwa pampu na kupaka maji ya sabuni kwenye kila mshono. Hakukuwa na povu hata moja. Wakawasha tena, na sauti ya tatu ikauliza ufunguo anao nani. Hiyo ilikuwa ya mkewe.

"Ni dada," alisema shemeji.

"Nimesikia. Usiachie mafuta."

Miaka mitatu nyuma ukumbi wa cherehani wa kiwanda cha magodoro uliungua, na wanawake kumi na mmoja wakafia humo, mkewe akiwemo. Tume iliyochunguza moto huo iliandika kwamba mlango ulikuwa wazi, ila marehemu walipotea njia kwa sababu ya moshi. Fundi alikuwa ameisoma taarifa hiyo, akaikunja na kuiweka kabatini. Sasa aliokota kile kipande cha pembeni. Bati lilikuwa la mlango ule: matundu manne yalikuwa ya kushikilia komeo la kufuli, na komeo lilikuwa limeacha alama yake upande wenye rangi, yaani upande wa nje.

Aliinama karibu na mkia, akamsalimu mkewe. Mkewe akaitikia, akamuuliza kama anakula vizuri, kisha akamwambia koni ya pili ameichomelea kwa haraka. Fundi akakubali kosa.

Jumamosi mkaguzi wa mashindano alipima kelele, akapekua kitabu cha kanuni kurasa zote. Hakukuta kanuni inayokataza ekzosi kusema, mradi isizidi kipimo. Shemeji alimaliza wa pili. Kila alipopita mbele ya jukwaa kwa kasi, sauti zilisema kwamba meneja ndiye mwenye ufunguo. Meneja mwenyewe alikuwa jukwaani, maana kombe lilitolewa na kiwanda. Alizisikia kwa mizunguko kumi na minane. Mwishoni akampa shemeji mkono, akamwambia pikipiki yake imefungwa vizuri.

Jumatatu wakaipeleka pikipiki kwenye ofisi ya tume. Katibu alishuka uani na daftari, akawataka mashahidi waseme majina kamili na namba zao za kazi. Wote kumi na mmoja wakasema, mmoja mmoja. Injini ilipata moto mara mbili, naye akangoja ipoe.

"Maelezo yameeleweka," alisema akifunga daftari. "Tatizo ni sahihi zao."

"Wamekufa," fundi alisema.

"Ndiyo maana nasema tatizo ni sahihi, mzee wangu."

Kile kipande cha bati katibu alikipokea kwa heshima, akakibandika namba na kukiweka juu ya kabati. Juu ya kabati palikuwa na vipande vingine, kila kimoja na namba yake.

Baada ya hapo ndugu wa marehemu walianza kuja karakana kila Jumapili saa kumi. Walipanga foleni, na kila mmoja alizungumza mpaka injini ipate moto. Mgane mmoja aliuliza ziliko hati za nyumba, akajibiwa, akaenda akazikuta. Wengine walileta salamu tu. Fundi aliongeza oili kidogo kwenye mchanganyiko, kwa sababu injini ilikuwa ikifanya kazi nyingi kuliko ilivyozoea.

Msimu wa mashindano ulipoisha, wenye mikate walinunua gari na kuachana na pikipiki. Shemeji alikaa wiki sita bila kazi, kisha akapata. Jumapili iliyofuata alipopanda kwenye kiti hakumtazama fundi. Alivuta mafuta taratibu mpaka sindano ya kupima mizunguko ikatulia kwenye elfu tisa na mia nne.

"Mdogo wangu," ekzosi iliuliza, "siku hizi unafanya kazi wapi?"

"Pale pale, dada. Wamejenga upya."

"Zamu gani?"

"Ya asubuhi. Wanafunga mlango saa moja kamili. Wanasema ni kwa ajili ya wezi."

"Basi omba cherehani ya karibu na dirisha."

"Madirisha wameyatia nondo," alisema shemeji, akaachia mafuta, kwa kuwa injini ilikuwa imepata moto na wengine walikuwa wakisubiri zamu yao.